Vijimraba vya Saa Saba

Kwa siku kumi na moja mfululizo taarifa ya habari ya saa saba mchana ilikuwa ikivunjika katika nyumba ya fundi saa, na kila siku ilivunjika kwa namna ile ile. Muziki wa kufungulia ulipita salama. Msomaji wa habari alitokea, akasalimu, akashika karatasi zake. Kisha kidevu chake kikahamia begani, tai ikakatika mara tatu, na kioo kizima kikajaa vijimraba vya kijani na zambarau. Ilipofika saa saba na nusu, habari zikiwa zimekwisha, picha ilirudi safi kama iliyooshwa, na tangazo la sabuni likaonekana hadi povu lake la mwisho.

Mtu mwingine angesonya, akazima, akaendelea na chakula chake. Katika nyumba hii halikuwezekana hilo, kwa sababu ya kidirisha kidogo kinachofunguka pembeni mwa kioo mara tu baada ya salamu, ambamo mkalimani wa lugha ya alama husimama akiwatafsiria viziwi. Mkalimani huyo alikuwa binti yao wa pekee. Mama yake alizaliwa kiziwi. Binti aliijua mikono ya mama kabla hajaujua mdomo wa baba, na sasa aliishi na kufanya kazi katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kila mchana mama aliketi mbele ya televisheni, miguu akiwa ameiweka juu ya kigoda, na habari zenyewe hazikumshughulisha. Alimtazama mtoto: kama amekonda, kama amelala vya kutosha, kama amegombana na mtu njiani. Alikuwa akidai kwamba kwa jinsi binti anavyolitamka kwa vidole neno "waziri" anaweza kujua kama amekunywa chai.

Na ubaya wa picha hizi za kisasa ni kwamba kisichosogea hudumu zaidi. Meza ilibaki, koti lilibaki, ukuta wa bluu nyuma ya msomaji ulibaki. Mikono ndiyo iliyosambaratika kwanza, maana ndiyo iliyokuwa na mwendo. Mwenye masikio angeweza kuokota neno hapa na pale katika ile sauti inayokwama na kuruka. Mama aliokota kipande cha mkono wa shati, kiganja kisicho na vidole, halafu zambarau tupu.

Zamani, enzi za chengachenga, fundi saa na mkewe walikuwa na utaratibu wao. Yeye alipanda ngazi hadi kwenye antena. Mkewe alisimama dirishani, televisheni ikiwa upande wake mmoja na mumewe upande wa pili, akamwelekeza kwa mikono: kushoto, kidogo, umepita, rudi, hapo. Majirani walisema ndiyo antena pekee mtaani inayorekebishwa bila makelele. King'amuzi kilikuja kuuharibu utaratibu huo, kwa sababu king'amuzi hufikiri. Ukigeuza antena, hukaa sekunde nne au tano kikitafakari kabla ya kutoa picha, na kufikia hapo aliye juu ya paa ameshageuza tena. Siku ya tatu ya vijimraba walijaribu. Mkewe aliashiria "hapo", naye akawa amekwisha kupapita hapo. Akarudi, picha ikapotea. Akaganda, ikaja, ikaondoka bila kuguswa. Alishuka akiamini kwamba mkewe anamchezea, na mkewe akamtazama kwa macho ya mtu anayeamini kwamba mumewe sasa haoni vizuri.

Siku ya sita akaja fundi wa antena, saa tisa alasiri, kijana mpole mwenye mkanda wa vifaa. Alifungua ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake, na yote miwili ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Akatafuta chaneli upya, zikaja zote. Akasema kwa heshima kwamba hapa hakuna ugonjwa. Fundi saa akamwambia ugonjwa huja saa saba. Yule fundi akatabasamu, tabasamu ambalo mwenye kazi kama hiyo anapaswa kulificha, akaondoka akiahidi kwamba wakizidi kusumbuka wampigie.

Maneno yale hayakumtoka fundi saa. Alikuwa ameishi miaka arobaini na vitu vinavyokosea, na alijua kwamba kitu kinachokosea hukosea ovyo. Saa mbovu huchelewa leo dakika mbili, kesho tisa. Saa inayochelewa dakika tatu kamili kila siku, asubuhi ikarudi sawa, si mbovu. Kuna mtu anaigusa. Mtaani walimwita Sekunde, kwa kumtania, na jina halikumkera. Alichukua daftari la kibanda chake cha saa akaanza kuandika. Siku ya saba: saa saba na sekunde arobaini. Siku ya nane: sekunde thelathini na nane. Siku ya tisa: arobaini na moja. Kila mara ilikuwa kabla tu kidirisha hakijafunguka. Akajiuliza tangu lini mawimbi yamejifunza kusoma saa.

Nyumba yao ilikuwa nusu mbili chini ya paa moja. Wazazi wa mkewe waliiacha kwa mabinti wawili, nao wakajenga ukuta katikati, wakaacha antena ibaki moja. Katika nusu ya pili aliishi dada mkubwa wa mkewe, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa amestaafu kazi ya kuunganisha simu katika ubao wa posta, ile kazi ya kuchomeka waya huu na kuchomoa ule. Mtaa mzima ulimwita Opereta. Waya wa antena ulishuka kwanza kwake, ukafika kwenye kigawanyio kidogo cha chuma kilichopigiliwa juu ya mlango wa stoo yake, na kutoka hapo waya mmoja ukaenda sebuleni kwake na wa pili ukapenya ukutani kwenda kwa mdogo wake. Walipomuuliza siku ya kwanza, Opereta alijibu kwa mdomo na kwa mikono pamoja, kama alivyozoea mbele ya mdogo wake, kwamba hata kwake ni yale yale, vijimraba vitupu, na kwamba yeye siku hizi saa saba analala.

Siku ya kumi na mbili fundi saa alifunga kibanda mapema akarudi nyumbani kabla ya habari. Kwa kawaida, ukiacha siku za antena na za daftari, saa hizo huwa kazini, na pengine ndilo jambo ambalo shemeji yake alilitegemea. Mkewe aliketi. Muziki ukapita. Salamu ikapita. Vijimraba vikaja. Naye akasogea taratibu hadi ukutani, akajifanya anatafuta kalamu kwenye rafu, akaweka sikio.

Upande wa pili, kwa sauti ya chini kabisa, msomaji alikuwa akisoma habari za ujenzi wa barabara. Hakukwama. Hakuruka hata silabi moja.

Mkewe alimwuliza kwa jicho: kuna nini? Akaashiria kwamba hakuna. Ukuta ule haukuwa na maana yoyote kwa mkewe; ushahidi wote ulikuwa wa masikio, na masikio yalikuwa ya kwake peke yake. Alikaa nao mchana kutwa kama mtu aliyemeza kokwa. Alijiambia kwamba shemeji yake hana mtoto. Alijiambia kwamba binti humwita mama mkubwa, humpigia simu, humletea vitambaa. Kisha akajiambia lile ambalo alikuwa akilikwepa: mwanamke huyu anataka kumtazama mtoto peke yake. Nusu saa kwa siku, bila mshirika. Lilikuwa wazo baya, na kadiri alivyolisukuma ndivyo lilivyojipangia hoja.

Lakini hakutaka kumshitaki mtu kwa sikio. Mafundi saa wana njia yao ya kujua kama mkono mwingine umepita. Wakimaliza kufunga saa ya mteja hudondosha tone dogo la rangi kwenye skrubu, nusu juu ya kichwa cha skrubu na nusu juu ya bamba, likauka likiwa kitu kimoja. Skrubu ikizungushwa hata kwa unywele, tone hupasuka, na hakuna ujanja wa kulirudisha. Asubuhi iliyofuata alibisha hodi kwa shemeji yake akasema amekuja kuichukua ile saa ya ukutani inayokimbia. Opereta alikwenda jikoni kuweka maji. Fundi saa akapanda kiti, akafuta vumbi kwenye nati ya waya unaokwenda kwake, akaweka tone jekundu la rangi ya kucha dogo kuliko mbegu ya ufuta. Akashuka, akanywa chai, akaondoka na saa kwapani.

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, alimwona akiingia na akamwona akitoka.

Kesho yake, saa tisa alasiri, aliirudisha saa. Safari hii alipanda kiti bila kusubiri shemeji yake aondoke, akavaa lenzi yake jichoni, akaitazama nati. Tone lilikuwa limepasuka katikati. Nusu ya juu na nusu ya chini zilikaribiana sana, kama watu waliogombana wanaojifanya hawakugombana, lakini hazikugusana tena.

"Shemeji," alisema akiwa bado juu ya kiti, "nati yangu inafunguliwa."

"Nati ipi?"

"Ya waya unaokuja kwangu. Inafunguliwa, halafu inafungwa."

"Umeanza kutengeneza na nati? Saa zimekwisha mjini?"

"Juzi nilisikia taarifa ya habari kwako. Nzima."

Opereta aliweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye sauti iliyozoea kuwaambia watu wasubiri. Akamwambia atoe kwanza kile kijicho cha kioo, maana anamkagua kama saa ya marehemu, ashuke, afunge mlango.

Alifunga. Shemeji yake akachukua simu, akaitafuta picha, akampa. Ilikuwa picha ya mkono uliofungwa bendeji kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, juu ya shuka jeupe. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba. Aliutambua mkono kabla hajauliza ni wa nani.

Alichoelezwa hapo alikisikia kwa vipande, kama habari za saa saba. Kwamba mshipa wa fahamu kwenye kifundo ulikuwa umebanwa kwa miaka, kwa ile kazi ya kusema kwa mikono bila kupumzika. Kwamba vidole vitatu vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na binti akaficha, akaendelea kusimama kwenye kidirisha, hadi siku moja akakosea neno hewani kwa sababu kidole hakikukunjika. Kwamba walimpasua wiki mbili zilizopita. Kwamba bendeji itafunguliwa Ijumaa ya wiki ijayo, na hapo ndipo daktari atakapojua kama vidole vitarudi. Huenda vikarudi, huenda visirudi kama vilivyokuwa. Ule mkono wa kulia ndio aliosemea na mama yake tangu akiwa na miezi minane. Akamwomba mama mkubwa jambo moja, kwamba mama asijue hadi Ijumaa. Kama mama angeona mtu mwingine kwenye kidirisha, angepiga simu ya picha papo hapo.

"Ndiyo maana anasema kamera ya simu imeharibika," alisema fundi saa polepole.

"Ndiyo maana."

"Sasa kwa nini usiukate waya kabisa? Kwa nini hivi vijimraba?"

"Laini ikikatika kabisa mteja anataka fundi papo hapo. Laini ikiwa mbaya anasema ni mvua, anasubiri. Nalegeza nusu mzunguko tu, shemeji. Nasikiliza huku hadi habari ziishe, nakaza tena. Miaka thelathini nimeunganisha watu. Hii ndiyo mara ya kwanza kuwatenga, na usidhani nalala."

Alitaka kuomba radhi kwa yale aliyoyawaza, lakini hakuna aliyeyajua, na kuyaombea radhi kungekuwa kuyatangaza. Badala yake aliuliza lile lililomchoma. "Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Ungemwambia mama yake."

"Nisingemwambia."

"Kwa mdomo usingemwambia. Kwa mikono wewe huwezi kuficha hata bei ya nyanya."

Wakakubaliana. Zimebaki siku nane. Nati itaendelea kulegezwa, naye atasema kwamba tatizo lililogunduliwa ni jengo jipya linalokinga mawimbi. Alirudi upande wake. Mkewe alikuwa akimsubiri jikoni, akauliza saa ya dada ilikuwa na nini hata ikahitaji mlango kufungwa. Akamjibu kwamba upepo ulikuwa ukipuliza vumbi. Kisha akamweleza habari ya jengo: ghorofa, limekaa katikati ya antena na mnara, mafundi wanalishughulikia. Alieleza vizuri. Mkewe alimtazama hadi mwisho bila kumkatiza, akarudi kwenye sufuria yake.

Hakujua kwamba kueleza vizuri ndiko kulikomponza. Kwa kawaida mikono yake ilikuwa ya kivivu. Alifupisha, alimeza nusu ya alama, alisema jambo zima kwa kidole gumba kama wanandoa wanavyofanya baada ya miaka thelathini ya kuelewana. Jioni ile alizungumza kwa alama kamili, moja baada ya nyingine, kama alivyozungumza mwaka wa kwanza alipokuwa akijifunza ili akubaliwe kuoa.

Kesho yake alibaki nyumbani tena, kwa kisingizio cha kichwa. Mkewe aliketi, akaweka miguu kwenye kigoda. Muziki. Salamu. Vijimraba. Mkewe hakuvitazama, alimtazama yeye. Aliona mume ambaye siku kumi na nne amehangaika na antena leo amekaa ameshika magoti yake, hainuki, hasonyi, haandiki kwenye daftari. Basi akashusha miguu, akavaa ndala, akatoka. Fundi saa alipofika mlangoni mkewe alikuwa ameshavuka uani, ameshasukuma mlango wa dada yake.

Opereta alikuwa amekaa mbele ya televisheni, spana mapajani. Picha ilikuwa safi. Ndani ya kidirisha alisimama kijana wa kiume mwenye nyusi nene, akitafsiri habari za bandari kwa mikono mizuri isiyo na haraka.

Mama alisimama katikati ya chumba akamtazama kijana yule. Dada yake aliinua mikono, akaishusha. Fundi saa alisimama nyuma, akangoja kilio, au ngumi, au lolote. Mkewe aliitazama taarifa yote hadi michezo, hadi hali ya hewa, hadi kidirisha kikafungwa. Ndipo akageuka.

"Mkono upi?" aliuliza.

Akauliza tena, kwa alama kubwa zaidi, kama mtu anayeongea na watu wasiosikia.

"Wa kulia," alijibu mumewe.

Akaitikia kwa kichwa. Aliwaambia kwamba siku ya nne, katika kijimraba kimoja kilichoganda, aliona kifundo cha mkono chenye nywele. Mtoto wake angesimama kwenye kile kidirisha hata akiwa na homa. Alisimama siku ya pili baada ya kumzika bibi yake. Kama hayupo, basi ni mikono. Kama ni mikono na kamera ya simu imekufa siku hiyo hiyo, basi ni mbaya. Alikuwa akisubiri mmoja wao amwambie. Halafu alipomwona mumewe akibeba saa kuingia huku na mlango ukafungwa, kwa usiku mmoja aliwaza jambo jingine kabisa, akaliacha, kwa sababu anamjua dada yake, hawezi kumkubali mwanamume anayekata kucha za miguu kwa tupa ya saa.

Opereta alicheka, kisha akafunika uso kwa kanga yake.

Mama akaomba simu. Alipiga ya picha. Iliita muda mrefu, ikakatika, akapiga tena. Safari ya tatu uso wa binti ulitokea, ukakaa umbali wa kutazamana, kisha simu ikaegemezwa kwenye kitu na mwili wote ukaonekana, na bendeji, iliyolazwa juu ya mto kama mtoto wa mtu mwingine. Binti akainua mkono wa kushoto. Alianza neno, akalikosea, akaliacha hewani.

Mama alikaa kitini. Akachukua mkono wake mwenyewe wa kulia, mkono uliomlea yule mtoto na kumkaripia na kumfundisha majina ya vitu vyote, akaukalia. Kisha akainua wa kushoto. Neno la kwanza lilitoka limepinda. La pili halikuwa neno. Binti alitazama, mabega yakaanza kumtikisika, na haikujulikana kama ni kicheko hadi alipoinua mkono wake akamrekebisha mama: si hivyo, hivi. Mama akarudia. Wakaendelea hivyo, polepole, wakijikwaa sawa kwa sawa.

Waliobaki wawili walisogeza viti nyuma yake.

"Wanasema nini?" aliuliza Opereta kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na haja ya kunong'ona.

"Sijui. Mkono wa kushoto siusomi."

"Wanatusema sisi."

"Inawezekana."

Wakainama wote wawili kutazama vizuri. Naye mama, bila kugeuza kichwa, akaisogeza simu kidogo pembeni, hadi mgongo wake ukakiziba kioo chote.